Kiti Alichokataa Baba Mkwe

Baba yangu hakuwahi kuwa mtu wa kiasi. Enzi za chama kimoja alicheza animasio, zile ngoma za kumsifu Prezida, mpaka shati likamganda mgongoni. Siku moja alimgombeza mama mbele ya majirani kwa sababu alikuwa ameanika kitenge chake cha sherehe, chenye uso wa Prezida, kichwa kikielekea chini. Mafundi cherehani wote wa Kalemie, mji wetu wa ziwani, waliijua sheria ile: uso ukae kifuani au mgongoni, usifike pa kukalia.

Kisha vyama vingi vikaruhusiwa, baba naye akageuka. Aliingia upinzani kwa kelele ile ile aliyochezea. Majirani waliobaki na chama cha zamani hawakumsalimia tena, na kanisani kila upande ukawa na mabenchi yake. Hasira yake naielewa, nchi ilikuwa imetuchosha sote. Lakini aibu aliyonivika siku ya wakwe sijaivua mpaka leo.

Walikuja kwa mtumbwi kutoka Mpala kuniposa. Kwetu wakwe hawaanzi neno kabla hawajaketi, na chakula hakitoki jikoni kabla ya neno. Mimi na mama tulikuwa tunapika samaki kwa mawese. Nilimpenda kijana wao, nilimpenda sana, na nilijua kwamba baba yake alikuwa bado kiongozi wa chama cha Prezida kijijini. Baba naye alijua. Ndiyo maana alikitoa kitenge cha mama sandukuni akakitandika kwenye kiti kikubwa cha mgeni, uso juu, katikati kabisa.

Wageni wakaingia sebuleni. Nilichungulia. Baba mkwe alikuwa amesimama, kofia mkononi, anakitazama kiti.

"Papa, mutoe hiki kitambaa, tafazali."

"Ni kitambaa tu. Mukae, papa."

"Huyu njo Prezida mwenyewe."

"Ni wenu. Sisi hapa hatuna Prezida."

Baba mkwe akamgeukia. "Hata mimi amenichokesha, papa, na niko wa chama chake. Lakini Prezida si wa chama, ni wa inchi. Na kama Prezida munamukalia, mimi mukwe mutaniweka wapi?"

Baba alikunja mikono kifuani, na uso wake ulionyesha kwamba hatakigusa kile kitenge hata wageni walale wima. Shangazi waliokuja na baba mkwe wakaanza kutafuta kandambili zao mlangoni, nami nikaona ndoa yangu inaondoka. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama alinipita akipangusa mawese mikononi. Alikivuta kitenge kitini, akakikung'uta.

"Hiki ni changu mimi," alisema.

Akajifunga pale pale, uso kifuani, kama inavyotakiwa. Yeye ndiye ambaye hakumpenda Prezida tangu zamani, hata miaka ile baba alipokuwa anamchezea. Baba mkwe akaketi kwenye mbao tupu, akashukuru. Shangazi wakaziacha kandambili. Baba akabaki amesimama peke yake, hajui mikono aiweke wapi, na mimi nikashindwa kumtazama.

Ndoa ikafungwa, nikahamia Mpala. Baba alipokuja kunitembelea mara ya kwanza, baba mkwe hakumwachia mtu kazi ya kumkaribisha. Alikileta kiti mwenyewe, akakipangusa kwa kiganja, akakiinamia, akachungulia mpaka chini yake. Jamaa wote walikuwa wanatazama.

"Mukae, papa," alisema kwa upole. "Nimeangalia vizuri. Hakuna mutu."

Baba akakaa. Mimi niliinama kwenye mafiga nikapuliza moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Amekuja mara nyingi tangu siku ile, na kila mara kiti kinachunguliwa.