Kidole cha Deolinda

Deolinda alifuma lesi hapa mjini kwetu Itauguá miaka arobaini, na mtu pekee aliyemzidi alikuwa mdogo wake, Herminia. Hilo hakulikubali hata mara moja.

Mwaka ule kidole chake cha pete, mkono wa kulia, kikawa kinaamka kimejikunja. Akikivuta kwa mkono wa pili kinafyatuka, ta, na maumivu yanampanda hadi kiwiko. Kila asubuhi alikichovya kwenye maji moto kwa siri.

Kisha kazi ya kufuma gauni la harusi la binti wa mwenye duka la dawa akapewa Herminia.

"Vidole vyako vimekuwa vyepesi siku hizi," Deolinda akamwambia. "Utadhani umeviazima."

"Asante, dada."

"Sijakusifu."

Akawa anapita dirishani kwa mdogo wake kuangalia maua mangapi ya lesi yameongezeka kwenye gauni. Siku moja akakuta nyumba wazi, hakuna mtu. Gauni limetandazwa kwenye fremu, jeupe, limekaribia kwisha. Akachukua mkasi mezani. Uzi mmoja tu, alijiambia. Akaukunja mkono, na kidole kikakwama ndani ya pete ya mkasi.

Herminia alimkuta hivyo, anahangaika kujinasua.

Hakuuliza mkasi ulikuwa wa nini. Alikinyoosha kidole taratibu, akautoa, kisha akafungua kiganja chake mwenyewe. Chini ya kidole cha kati palikuwa na kovu dogo.

"Changu kilikwama miaka miwili iliyopita. Wakanipasua kidogo."

"Na hukuniambia?"

"Ungefurahi, dada."

Deolinda akaurudisha mkasi mezani.

Kesho yake walikwenda zahanati pamoja. Daktari alibonyeza kiganja, akakuta kinundu. "Kano inayokunja kidole inapita kwenye mfereji mwembamba," alisema. "Ikivimba inanasa, kama uzi wenye fundo kwenye tundu la sindano. Hujalogwa, mama. Ni ugonjwa wa kawaida." Akamchoma sindano, akamfunga kibanzi cha kukinyoosha kidole, akamkataza kufuma wiki sita.

Wiki sita hizo alikaa karibu na Herminia akitazama mikono ya mwenzake ikifanya kazi, na wivu ukimtafuna vilevile, ila sasa alimshikia uzi. Kidole kilifunguka.

Siku ya harusi, bibi harusi alipopita, Deolinda aliona ua moja la lesi karibu na pindo la gauni limepinda. Aliniambia hilo peke yangu, mimi mkwewe, na sijamwona akitabasamu vile tangu nilipomwoa binti yake.