Mguu wa Baba na Meli Iliyobeba Ndege

Baba yangu hakuwa mwongo. Wengine wakiandika habari zao huanza na siku waliyozaliwa. Mimi kuzaliwa kwangu hakuna aliyewahi kubishia. Baba alibishiwa mpaka kaburini, kwa hiyo naanza na yeye.

Nimesoma darasa la pili. Njaa ndiyo iliyonitoa shuleni, si ujinga. Uashi nilijifunza kwa kubeba zege la watu, na leo ukitoka Kilosa kwenda Mikumi utapita kuta nyingi nilizosimamisha kwa mikono hii, na hazijaanguka. Nitaandika kama ninavyosema. Asiyependa afunge kitabu akalale.

Wakati wa vita vya pili vya Wazungu, wenyewe walikuja huku kwetu kuchukua watu wa kazi. Baba akapandishwa treni stesheni ya Kilosa, akaja kuishia Mombasa, bandari ya Kilindini. Bunduki hakupewa. Alipewa magunia. Kazi yao ilikuwa kupakia vyakula kwenye tishari, lile jahazi pana lisilo na tanga linalovutwa na chombo kingine, wavipeleke kwenye manowari zilizotia nanga katikati ya maji. Huko ndiko alikoiona meli ile.

Alikuwa akituhadithia tukipukuchua mahindi. Meli imelala ndefu, mgongo wake umesawazishwa kama uwanja wa mpira.

"Ndege inatoka juu," anasema, "inatua pale pale mgongoni, inanaswa kwa kamba ya chuma kama mbuzi aliyetoroka. Halafu wanaikunja mabawa, hivi." Anakunja mikono ubavuni. "Kama kuku anayeatamia. Wanaiteremsha tumboni mwa meli, inakuja nyingine."

Karani mmoja wa bandarini aliwaambia kwamba meli ile iliwahi kupigwa mabomu katika bahari ya mbali, ikaungua, watu wengi wakafia ndani, na bado haikuzama. Ikatengenezwa, ikarudishwa vitani. Baba alizitafuta alama za mabomu kwa macho yake kila alipopanda na gunia la viazi. Hakuziona. Zilikuwa zimefutwa.

Siku moja mnyororo wa winchi ukakatika. Kasha la chuma likaangukia tisharini, likamponda baba mguu wa kulia. Meli ikaenda zake kwenye vita vingine. Baba akapewa fimbo na safari ya kurudi Kilosa.

"Meli yao waliifuta makovu," alikuwa akisema. "Mguu wangu nani ataufuta?"

Nyumbani hakuna aliyemwamini. Wakamwita Manowari. Habari ya mguu wakaitungia yao: kwamba alikwea mnazi wa mtu huko Mombasa akiiba madafu, akadondoka. Hadithi hiyo ilipendwa kuliko ya kweli, maana kila mtu anaujua mnazi.

Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa mtani wetu, Mnyamwezi mmoja aliyekuja kukata mkonge akalowea. Huyo alikuwa akiingia uani bila hodi, anakaa kwenye kigoda cha baba, anainuka anachechemea, mikono ameikunja kama mabawa.

"Jamani nipisheni, natua! Nani ameshika kamba? Wewe mama, ng'ang'ania, nisije nikaangukia chungu!"

Baba alicheka mpaka akajifuta machozi. "Wewe mkia wa fisi," anamwambia, "siku ukifa nitakuzika na mkonge wako."

Lakini mjomba, kaka yake mama, alipocheka, baba alinyamaza. Mjomba alikuwa msomi wa misheni, mtu wa milimani, kola safi. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno katika ukoo. Alikuwa akisema mbele ya wageni, "Shemeji, meli ni ya majini, ndege ni ya angani. Mungu mwenyewe hakuvichanganya." Wageni wanacheka kwa adabu. Baba anaangalia fimbo yake.

Nilimuuliza baba, mbona yule mwingine unamchekea?

"Yule mtani, ana haki," alinijibu. "Huyu hana."

Nikalibeba neno hilo. Nilichotaka katika maisha ya baba yangu ni kitu kimoja: mjomba asimame mbele ya watu aseme, ulisema kweli. Basi. Sikutaka mbuzi wala kanzu.

Uhuru ukaja, tukacheza ngoma. Miaka miwili na kitu baadaye askari wetu wenyewe wakaasi. Nilikuwa Kilosa mjini napiga plasta nyumba ya fundi cherehani, redio yake imewekwa dirishani, watu wamejazana. Tukasikia kwamba manowari ya Wazungu imefika pwani ya Dar es Salaam, na helikopta zimeinuka kutoka mgongoni mwake zikiwa na askari, wamewashukia wetu kambini alfajiri na kuwanyang'anya silaha.

Nilitupa mwiko. Nikachukua baiskeli ya watu, nikakanyaga mpaka nyumbani.

"Shikamoo baba! Meli yako ipo! Redio imesema!"

"Marahaba. Imesema nini?"

Nikamweleza, nahema.

"Ile yangu itakuwa imezeeka," akasema. "Hii ni mdogo wake. Na waliopigwa ni askari wetu?"

"Ndiyo."

"Walioitwa kuja kutuamulia ni wale wale walionipa fimbo?"

"Ndiyo, baba."

"Sasa wewe unachekea nini?"

Mpaka leo ninapoandika, kifua kinanipanda. Aliyeondoka juzi, tumempigia vigelegele vya kwaheri, leo arudi kwa mwaliko na bunduki yake. Wenye elimu watanieleza kwamba ilibidi. Wakamweleze baba yangu.

Jioni mjomba alikuja. Wakati huo alikuwa mtu wa chama. Nikasimama mlangoni, nikasema moyoni, leo analisema.

"Shemeji Manowari," akasema, "kumbe mabwana zako wana meli kweli. Tangu zamani ulikuwa unatutisha nayo. Ulijua itakuja."

Hakucheka safari hii. Jana baba alikuwa mwongo, leo amekuwa kibaraka. Katikati hapo palikuwa na nafasi ya neno moja tu, akaliruka kama mtu anayeruka matope.

Na neno la kibaraka likafanya kazi. Tulipohamishwa kwenda kijiji cha ujamaa karibu na barabara ya Mikumi, mwenyekiti wa kijiji akawa nani? Mjomba. Wazee wenzake baba walipewa sehemu za shamba la pamoja zilizo karibu. Mwenye mguu mbovu akapewa ya mbali kabisa, kule nyati wanakopita. Nilipokwenda kulalamika, mjomba akaniambia mbele ya wajumbe, "Mwache atembee, mpwa wangu. Akikaa hapa atangojea meli yake." Wajumbe wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtani wetu. Ningekuwa na mwiko mkononi siku ile ningefungwa.

Baba alitembea kwenda shamba lile mpaka homa ikamlaza, hakuinuka tena.

Nilimwosha mwenyewe, pamoja na shehe. Maisha yangu yote sikuwahi kuutazama ule mguu sawasawa. Alikuwa akiufunga kitambaa. Siku ile nikaufungua.

Makaburini mjomba alitoa hotuba. Akamsifu marehemu kwa ukarimu, halafu akaongeza, "Na alituburudisha kwa vituko vyake vya meli na minazi." Watu wakaguna, wengine wakatabasamu.

Hapo mtani wetu, mzee kabisa, akaweka fimbo chini, akashuka ndani ya kaburi, akajilaza chali. Mikono ameikunja.

"Nimetua," akasema kutoka chini. "Meli haiondoki."

Shehe akasema, "Jamani, maiti hacheleweshwi." Mjomba, kama desturi ya kumtoa mtani kaburini, akatoa shilingi akamrushia. Mtani akairudisha juu, ikamgonga mjomba kifuani.

"Kaa nayo ukanunue madafu! Wewe umemtania mtu miaka yote, utani uliutoa wapi? Mimi nimerithi, wewe umeiba. Ulipe. Meli ilikuwepo au haikuwepo?"

Jua linachoma. Watu wote wanamtazama mjomba. Kola ilikuwa imelowa.

"Meli ilikuwepo," akasema.

"Na mguu?"

"Mguu sikuwepo, sikuuona."

"Mimi nimeuosha leo asubuhi," nikasema, na sauti yangu sikuitambua. "Vidole havionekani. Vimelala bapa ndani ya nyama kama vimepigwa na nyundo, na unyayo wote hivyo hivyo mpaka kisiginoni. Mnazi gani huo, mjomba? Mnazi wa chuma?"

Mjomba aliinama, akachukua mchanga mkononi mapema, kabla hata maiti hajateremshwa, akasimama nao hivyo hivyo. Mtani akanyoosha mkono, nikamvuta juu.

"Amelipa nusu," akaniambia, akijikung'uta. "Nusu iliyobaki mimi sina nguvu nayo."

Mjomba alikufa bila kuilipa. Walikuja kuniomba nimjengee kaburi. Nikawaambia mafundi wako wengi. Walinisema sana, na bado wanasema, na waseme.

Juzi mjukuu wangu wa kike amenionyesha kwenye simu yake ndege zikitua juu ya meli, kamba inazinasa, mabawa yanakunjwa.

"Babu, ona maajabu!"

"Baba yangu alipeleka viazi kwenye meli kama hiyo."

"Babu bwana!" Akacheka mpaka simu ikamponyoka. "Na ndege uliendesha wewe?"

Damu ilipanda. Nikaikunja ngumi. Halafu nikakumbuka kwamba mjukuu kwa babu yake ni mtani. Huyu ana haki.

Nikamwambia akae chini, simu aizime, nimweleze mguu ulivyokuwa.