Stika ya Ploti ya Gichuru

Ouma hakuwa na orodha ya bei, alikuwa na macho. Mteja akiingia aliangalia viatu kwanza, ndipo akataja pesa. Sandali za plastiki, stika ni mia nane kwa mita, pamoja na kukata na kubandika. Viatu vya mchungaji vilivyochongoka mbele, elfu moja mia mbili, na risiti juu. Tangu atoke Homa Bay alikuwa amefanya hesabu hiyo miaka tisa kwenye kona moja ya Kawangware 46, katika kibanda cha mabati alichokodi kwa mzee Gichuru. Sasa mzee alikuwa na miezi minne kaburini.

Valerie, binti wa marehemu, aliingia Jumanne asubuhi na raba nyeupe ambazo hazijawahi kutambulishwa kwa matope.

"Niaje, Ouma. Nataka stika kubwa, nyekundu kwa nyeupe. PLOTI INAUZWA, chini namba yangu."

"Mita mbili hivi. Elfu mbili, na nakubandikia hadi huko." Familia ile ilikuwa na ploti mpaka Riruta Satellite, kwa hivyo hakuwaza sana. "Huko ni wapi?"

"Ni hapa. Kwa ukuta wako, iangalie barabara."

Filister, mkewe, alikuwa nyuma ya mashine ya kukatia stika aking'oa mabaki ya stika kwa sindano ili herufi zibaki peke yake. Sindano ikasimama.

Kupata kibanda kingine barabarani ni goodwill ya laki moja, ya kuachiwa nafasi tu, kabla hata ya kodi. Chumba chao cha kulala kiko mtaa wa Lindi, ndani kabisa ya vichochoro, ambako stima hupotea siku mbili na mashine ingekaa kama kabati. Na wateja hawakumjua Ouma, walijua kona.

"Ya nje ni stika special, madam," alisema, ulimi ukimtangulia. "Ya jua na mvua. Elfu tano. Ngazi, elfu mbili. Na ya weekend..."

"Leo ni Jumanne."

"Ndio maana. Elfu saba."

Alitaka bei imfukuze. Valerie akacheka. "Nauza milioni kumi na tano, Ouma, elfu saba itaniua? Saa tisa nikuje niipate juu." Akatuma pesa yote papo hapo, akaenda.

"Baba Ryan, rudisha hizo pesa," Filister akamwambia mumewe.

"Nikirudisha atapeleka kazi kwa yule fundi mwingine, Kimotho, aibandike imeenda upande."

"Si heri ikae upande!" Filister akashusha sauti. "Badilisha namba. Moja tu."

Ouma alicheka, halafu kicheko kikakauka. Mnunuzi apige, akose, achoke, aende. Mwezi ungepita, labda miwili. Palipokuwa na nane akaandika sita.

Saa nane mchana stika ilikuwa juu, imenyooka kama rula. Alijaribu kuipinda kidogo, mkono wa fundi ukakataa.

"Fundi, hiyo inasomeka ukiwa kwa ndege," alisema Muia wa bodaboda.

Valerie alifika, akasimama ng'ambo ya barabara. "Muia, hebu piga hiyo namba kama unavyoiona."

Ouma mwenyewe ndiye aliyewazoesha wateja kupiga namba kabla hajashuka ngazi. Muia akaweka loudspeaker.

"Ndio?" sauti ya mtu mgeni ikaitika.

"Napigia ploti."

"Ploti gani? Wewe, mimi niko na mbuzi hapa nachinja!"

Simu ikakatwa. Valerie alivuka polepole.

"Mashine, madam. Kisu kimechoka."

"Kimechoka kikakata sita safi hivyo?" Hakupiga kelele, na Ouma aliona afadhali angepiga. "Najua uko na watoto. Lakini tuko wanne kwetu, na kila mtu anataka mgao wake kabla tuuane. Weka nane."

Filister alikata nane bila kumwangalia mtu. Ouma akapanda, akaikwaruza sita kwa wembe, akasafisha gundi, akabandika. Bado alikuwa akisugua ukingo kwa kidole gumba gari la Probox liliposimama chini yake. Akashuka mzee mwenye tumbo na bahasha, macho kwenye stika.

"Ni ngapi kwa ngapi hii?"

"Title deed inasema futi hamsini kwa mia," Valerie alijibu, "lakini barabara ilikula kidogo."

"Tupime tujue."

Valerie akageuka. "Ouma, si uko na ile tape ndefu ya kupima maduka?"

Alikuwa nayo. Aliitoa chini ya meza, akampa mzee upande mmoja, naye akachuchumaa mlangoni pake akishikilia sifuri kwenye kizingiti. Mzee alirudi kinyumenyume, akipita karai la mandazi la jirani.

"Kijana, iko legelege!" akapaza sauti. "Kaza!"

Ouma akakaza.