Kicheko cha Kingori

Kagwiria alianza kusoma vitabu vya Daraja Bovu kwa bahati tu. Alikuwa ameenda Karatina siku ya soko kutafuta viatu vya mitumba, mvua ikamfukuza mpaka chini ya turubai la mwanamke aliyeuza vitabu vikuukuu vilivyorundikwa juu ya gunia. Akaokota kimoja chenye picha ya zimwi aliyevaa tai. Alikifungua ili apitishe muda mvua ikatike, na kabla hajamaliza ukurasa wa pili alikuwa akicheka peke yake kwa sauti.

"Ukimaliza kucheka, ununue," mwenye vitabu akamwambia.

Akakinunua. Kilikuwa cha kwanza katika mfululizo mrefu. Zimwi yule aliishi chini ya daraja na alidai kuwa daraja ni lake, alilirithi kwa mamake. Kesi ilikuwa mahakamani tangu enzi za babu ya mfalme, na haikuisha kwa sababu hakimu alikuwa mbuzi. Kila ushahidi ulioletwa mezani aliula: ramani, hati, hata mkanda wa shahidi. Kulikuwa pia na mchawi ambaye uganga wake ulifanya kazi siku moja baadaye. Akiomba mvua Jumatatu, inanyesha Jumanne, kwenye harusi ya binti mfalme. Aliyeviandika vitabu hivyo alikuwa mzungu wa mbali, na aliviandika kwa Kiingereza, lakini Kagwiria aliapa kwamba mtu huyo lazima aliwahi kupanga foleni katika ofisi ya ardhi ya Kenya. Kwao Nkubu, babake alikufa akiwa na kesi ya mpaka ambayo hakuna aliyejua ilifika wapi.

Wakati huo alikuwa akiuza katika agrovet moja, duka la mbegu na dawa za mifugo, pale Sagana, karibu na njia panda, na akiishi peke yake chumba kimoja nyuma ya posho mill ya kusaga unga. Wenzake kazini walikuwa watu wazuri, lakini alipojaribu kuwasimulia habari za mbuzi hakimu, walimwangalia kwa huruma. Mmoja akamuuliza kama mambo ya wachawi hayamsumbui, yeye mtu aliyeokoka. Akaacha kusimulia. Akawa anasoma chini ya kaunta na kuuma midomo.

Ndipo siku moja akaingia mzee mrefu mwenye koti la kahawia, akaomba dawa ya kupe. Kagwiria alipogeuka kuichukua rafuni, mzee akakiona kitabu kando ya mizani.

"Hii kitabu ni yako?"

"Ni yangu."

"Umefika pale mbuzi anakula wigi ya wakili?"

Kagwiria akaishika dawa mkononi, akasahau kuitoa. "Anakula wigi?"

Mzee akajifunika mdomo. "Woi! Nimekuharibia. Sahau. Mimi sijasema kitu."

Lakini tayari wote wawili walikuwa wakicheka, na mteja aliyesimama nyuma na gunia la chakula cha kuku akaanza kukohoa ili wamkumbuke. Mzee huyo aliitwa Kingori. Alikuwa fundi wa redio na televisheni huko Kiriaini. Vitabu aliviokota katika sanduku ambalo padri mmoja aliliacha alipohamishwa parokia. "Mimi nilifikiri niko peke yangu," alisema, "kutoka hapa mpaka Nanyuki. Nilikuwa naona ni kama nimerogwa."

Hivyo wakaanza kukutana Jumapili baada ya kanisa, katika hoteli moja ya samaki pale Sagana. Kagwiria alimwita Baba Theuri, kwa jina la kifungua mimba wa mzee. Kagwiria alikuwa Mmeru, mzee alikuwa Mkikuyu, na kila mmoja alielewa lugha ya mwenzake nusu nusu. Kiingereza kilifaa kusomea, lakini utani ukitamkwa kwa Kiingereza mezani ulipoa kama chai. Basi wakaanza kuvigeuza vitabu kwa Kiswahili huku wakila. Zimwi wakamwita Gombo. Mbuzi akawa Hakimu Mee. Yule mchawi wa siku moja baadaye wakampa jina la Kesho, na jina hilo pekee liliwachekesha mwezi mzima.

Kingori ndiye aliyejua kusomea wengine. Alishika kitabu mbali na macho, akasoma Kiingereza moyoni na kutoa Kiswahili mdomoni, kila mtu na sauti yake. Gombo alizungumza kama mhubiri wa sokoni mwenye kipaza sauti kibovu. "Ati mimi nitoke hapa? Niende wapi? Niko na title deed! Aliikula, lakini niko nayo! Iko kwa tumbo ya korti!" Na kicheko chake mwenyewe kilikuwa cha kuchelewa. Alikaza uso mpaka mwisho wa sentensi, akafunga kitabu, akainamisha kichwa, kisha mabega yakaanza kutikisika kabla sauti haijatoka.

Baadaye wakampata wa tatu, Sophie, msusi wa Karatina aliyekuwa akimsuka Kagwiria. Sophie alicheka bila sauti, akipigapiga meza, na mhudumu wa hoteli aliamini kwamba watatu hawa ni kikundi cha maombi chenye upako. Walikaa hivyo zaidi ya miaka miwili. Kisha Sophie akapata kazi ya nyumbani huko Doha. Mwanzoni alituma ujumbe wa sauti, akiuliza Gombo amefika wapi. Ukawa mmoja kwa mwezi. Halafu kimya.

"Ni Kesho amemshika," Kingori alisema. "Jibu yake itafika siku ingine."

Halikufika.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja ya Julai yenye baridi ile ya kuuma masikio, Kagwiria aliagiza samaki wawili akangoja. Simu ya Kingori haikushikwa. Samaki wakapoa. Jioni ya kesho yake akapigiwa simu na sauti asiyoijua. Ilikuwa ya Theuri, yule kifungua mimba. Presha ilikuwa imempanda babake akiwa dukani, ameinamia televisheni ya mtu. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Alikuwa amelazwa Nyeri.

Kagwiria alipomwona hospitalini, mzee alikuwa amelala, nusu ya uso imeshuka. Alipotoka na kurudishwa nyumbani Kiriaini, mkono wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yalikuwa yameisha. Kiswahili kilikuwa kimeondoka chote. Kiingereza pia. Kulikuwa kumebaki maneno machache ya Kikuyu, ya maji na ya baridi, na majina ya ng'ombe waliokuwa wa babake, yeye akiwa mtoto.

Kagure, mkewe, hakuwahi kuvipenda vitabu vile. Lakini Kagwiria alipofika na chai na sukari, akiwa na kitabu cha nne katika mkoba, alimkaribisha akamwekea kiti kando ya kitanda.

"Msomee, mama," alisema. "Labda atasikia."

Kagwiria akasoma. Aliona haya kuiga sauti ya Gombo mbele ya mke wa mtu, akaiiga hata hivyo. Alipofika pale Hakimu Mee anapouliza ni nani aliyekula ushahidi, mabega ya Kingori yakatikisika. Kisha kicheko kikatoka, kikubwa, cha kujaza chumba, machozi yakamtiririka upande mzima wa uso.

Kagure alikuwa jikoni. Alikuja mbio na mwiko mkononi. "Ni yeye?" akauliza. "Ni yeye anacheka?" Akaketi sakafuni akalia.

Siku hiyo Kagwiria aliteremka kutoka Kiriaini na moyo mwepesi, akapita mashamba ya majani chai bila kuyaona. Alimtumia Sophie ujumbe wa sauti, ingawa alijua hatajibiwa: "Amecheka! Anaelewa kila kitu, ni maneno tu yamemkataa."

Akawa anaenda kila Jumapili. Kingori alicheka kila alipofika. Kagure akaanza kuwaambia wanawake wa kanisa kwamba mumewe anarudi, kwamba vitabu alivyovitukana yeye mwenyewe ndivyo vinavyomrudisha. Alianza hata kuuliza maswali. "Huyo mbuzi, ni mbuzi kabisa? Ako na pembe?" Akamnunulia Kingori shati jipya la kuvaa siku ya kusomewa.

Kagwiria aliona kitu, akakataa kukiona. Kicheko kilikuwa kikija mapema mno. Kilikuja kabla ya utani, au katikati ya maelezo ya hali ya hewa, na hakikutanguliwa na kile kimya cha kukaza uso.

Jumapili moja akiwa amekaa pale, Theuri aliingia na wazee wawili wa ukoo. Wakasalimia, wakavua kofia. Mmoja wao akainama karibu na kitanda, akamwambia Kingori polepole kwa Kikuyu kwamba Wamae, kaka yake mkubwa, aliyemlea na kumsomesha, amefariki alfajiri ile.

Kingori akacheka. Alicheka kicheko kilekile, mabega, sauti, machozi upande mmoja. Wazee wakarudi nyuma. Alicheka mpaka akapaliwa, na Theuri akamwinua ampige mgongo, na bado kilimtoka kifuani vipande vipande. Macho yake yalikuwa yamefunguka sana. Kagwiria, aliyekuwa upande wa pili wa kitanda, aliyatazama na hakuona hata chembe ya furaha ndani yake. Aliona mtu anayeburutwa.

Siku ya kliniki ilipofika, Kagwiria aliomba ruhusa kazini akaenda nao Nyeri. Daktari kijana aliwaeleza bila kuzungusha. Damu ilipovuja iliharibu sehemu ya ubongo inayoshika breki za kucheka na kulia. Kicheko hicho si cha furaha. Kinakuja chenyewe, kama kwikwi. Kuna vidonge vinavyoweza kukipunguza kidogo.

"Lakini akisomewa anacheka zaidi," Kagure alisema.

"Akisikia sauti yoyote, mama."

Kagure aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayemwacha mtoto aseme. Njiani kurudi alimwambia Kagwiria kwamba daktari huyo ni mdogo sana, na hajui watu.

Jumapili iliyofuata, Kagure alipokwenda kukata nyasi za ng'ombe, Kagwiria hakufungua kitabu. Alitoa mkobani pakiti ya chumvi ya ng'ombe aliyokuwa amemletea Kagure kutoka dukani, akasoma maandishi ya nyuma kwa sauti ya kawaida. Weka mahali pakavu. Usimpe ndama aliye chini ya miezi mitatu. Kingori akacheka. Alicheka vilevile kabisa, pale kwenye ndama, mpaka machozi yakalowesha kola ya shati jipya.

Kagwiria aliiweka pakiti chini. Mkono wa kushoto wa mzee, ule mzima, ulikuwa ukitafuta kitu juu ya blanketi. Akaushika. Hakujua kama unamtafuta yeye.

Kagure aliporudi na mzigo wa nyasi mgongoni aliuliza kutoka uani, "Umesoma nini leo? Nimemsikia mpaka kule chini. Amefurahi sana!"

"Nimesoma ile ya mbuzi," Kagwiria alijibu.

Aliendelea kwenda, kwa sababu hakupata namna ya kutokwenda. Lakini sauti za watu wa kitabuni zilimpotea moja baada ya nyingine. Gombo akaanza kuongea kama Hakimu, Hakimu kama mchawi, wote kama mtu anayesoma tangazo la maji. Aliruka kurasa. Kuna siku alisoma ukurasa mmoja mara mbili mfululizo bila kujua, na kicheko kikaja mara zote mbili. Akiwa nyumbani hakuvifungua tena vitabu hivyo. Kila sentensi iliyokuwa ikimchekesha sasa ilikuja na uso ule ulioshuka.

Mwezi wa Desemba kitabu cha tisa kikatoka, cha mwisho. Alikiagiza Nairobi, kikaletwa kwa gari la vifurushi. Alikipeleka Kiriaini bila kukisoma, kwa kuwa walikuwa wameahidiana kukifungua pamoja. Akasoma sura ya mwisho kwanza. Gombo alikuwa ameshinda kesi. Hukumu ilisomwa, daraja likawa lake milele, naye akatoka mahakamani na tai yake akakuta mto umehamia kwingine, na daraja limesimama juu ya majani makavu. Akaenda kuketi chini yake hata hivyo.

"Ameshinda, Baba Theuri," Kagwiria alisema.

Siku hiyo Kingori hakucheka. Aligeuza kichwa taratibu, akamtazama muda mrefu, na Kagwiria akasogea mbele. Mzee akamgeukia mkewe aliyekuwa mlangoni.

"Ũyũ nũũ?" akauliza. Huyu ni nani?

Kagure akacheka haraka haraka, akasema anatania, ni Kagwiria, ni mtu wako wa vitabu. Kingori alikuwa tayari ameangalia ukuta.

Baada ya Krismasi Theuri aliwahamishia wazazi wake Ruiru, kwenye nyumba yake, ili wawe karibu naye. Duka la Kiriaini likakodishwa kwa mtu wa kuchoma kuku. Kagwiria alifikiria kwenda Ruiru, akaahirisha, akaahirisha tena, na mvua za Machi zikaanza, na agrovet ikajaa watu wa mbegu na mbolea. Alikubali zamu za Jumapili.

Kagure alimpigia simu mwezi wa Mei. Alisalimia, akaulizia kazi, akaulizia watu wa Nkubu. Halafu akasema kwamba kicheko kimeisha. Siku hizi ni kulia tu. Akifunguliwa dirisha analia, akipewa uji analia, mtoto wa Theuri akimsalimia analia mpaka mtoto anaogopa.

"Nikakumbuka wewe," Kagure alisema. "Nikasema pengine iko kitabu ingine. Ile ya kuchekesha kushinda hizo. Hakuna?"

Mteja alikuwa amesimama kwenye kaunta akinyoosha chupa tupu ya dawa ya minyoo, akionyesha kwamba anataka kama hiyo. Kagwiria akampa ishara asubiri.

"Nitatafuta, Mama Theuri," alisema.

"Tafuta, mama. Mungu akubariki."

Akaiweka simu kando ya mizani, akaichukua ile chupa, akageukia rafu. Kitabu hakukitafuta, na Kagure hakupiga tena.