Siku Kompyuta Ilipokataa Kiitikio

Chumba chetu cha kurekodia hapa Utemini kilikuwa stoo. Mume wangu alibandika magodoro ukutani, mimi nikashika kompyuta. Asubuhi hiyo tulipokea akina mama wa kwaya kutoka Misigiri, wamevaa sare, wamekuja kurekodi kwa mara ya kwanza. Walipofika kwenye kiitikio, kompyuta ikazimika. Nikaiwasha, wakarudia, ikazimika palepale.

Kiongozi wao, mama mtu mzima, aliniuliza kwa upole kama wanaimba vibaya.

"Hapana, mama," nikamjibu. "Mashine ndiyo ina homa."

Nilishika ubavu wa kompyuta, nikautoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto, lakini feni zilikuwa zinazunguka kivivu. Mume wangu akakumbuka kwamba aliingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya mazabodi, bodi kuu ya mashine, inayofunguliwa kabla kompyuta haijawaka kikamilifu, akaziweka feni kwenye hali ya kimya kwa sababu maikrofoni ilikuwa ikinasa mvumo wake. Kumbe prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ilipokuwa ikipata kazi nzito, joto lilipanda kidogo kidogo hadi kufikia kiitikio, feni zikabaki vilevile, na mashine ikajizima isiungue.

Nikaingia huko mwenyewe, nikaziachia feni zizunguke kwa nguvu zote. Safari hii haikuzimika, ila tulipousikiliza wimbo, kulikuwa na mvumo kama mzinga wa nyuki. Akina mama wakacheka, nami nikacheka nao, maana sasa niliona njia.

Nikarudi kwenye bayosi. Nikazima ile hali inayoruhusu prosesa kujiongezea kasi, kwa kuwa kasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikila umeme mwingi na kuleta joto. Kisha nikapanga feni ziongezeke polepole kadiri joto linavyopanda.

Wakaimba. Jicho langu lilikuwa kwenye kipimo cha joto. Kilipanda kidogo, kikatulia. Kiitikio kikaja, kikapita, ubeti wa mwisho ukaisha, na mashine ikawa bado iko macho. Mume wangu alinishika bega akalitikisa.

Nilipowawekea wajisikilize, hakuna aliyebaki kwenye kiti. Yule kiongozi alikuwa anafuta machozi huku anacheza.

"Mwanangu," akaniambia, "usizime. Tuna wimbo mwingine wa Kinyiramba, hatukupanga kuuimba leo."