Noti za Fundi Chapa

Fundi Chapa alikuwa na mtambo wa kuchapia, na kisiwa kizima hakikuwa na mwingine. Kwa miaka kumi na tisa ulichapa lebo za sabuni na vyeti vya shule. Vita vilipopamba moto ng'ambo, meli iliyokuwa ikileta fedha haikuonekana tena. Watu wakaficha sarafu zao, mishahara ikakwama, na Mkuu wa Kisiwa akaja karakanani mwenyewe, jasho likimtiririka.

"Fundi, nichapie pesa."

"Za kiasi gani, mheshimiwa?"

"Za kututosha mpaka vita viishe."

"Vitaisha lini?"

Mkuu akatazama dari.

Fundi akachapa kwenye karatasi zilizobaki za vyeti, kila pembe ikipambwa na ua lile lile la lebo ya sabuni. Askari wawili walimpekua kila jioni, hadi ndani ya kofia. Mkuu akatia saini noti moja moja mpaka kiganja kikavimba. Watu wakazipokea bila ubishi. Mkunga alinunulia mbuzi, mwalimu viatu.

Fundi naye akalipwa mshahara kwa noti hizo hizo, akaenda kununua mchele. Mwenye duka akainusa noti.

"Mbichi hii. Umeichapa saa ngapi?"

"Ni mshahara wangu, kaka!"

"Sikatai. Ila mchele wangu mimi sikuuchapa."

Kesho yake Fundi akarudi na barua ya Mkuu, ina mhuri na kila kitu. Mwenye duka akaigeuzageuza.

"Na hii imechapwa wapi?"

Fundi akarudi nyumbani na kapu tupu. Mkewe hakuishiwa akili: aliziloweka noti kwenye chai ya rangi, akazianika, akazifinyangafinyanga, akamtuma dada yake dukani. Zikapokelewa kwa tabasamu.

Vita vilipoisha, meli ikaleta fedha rasmi. Noti kuukuu zilibadilishwa papo hapo. Mwenye duka, aliyekuwa akijiwekea zile nzuri nzuri tu za wateja wengine, akaja na debe zima la noti zisizo na hata mkunjo. Karani akamkazia macho.

"Umezitoa wapi?"

Fundi akaitwa athibitishe. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta taratibu, akaivaa tena. Mwenye duka akalikumbatia debe lake.

"Ni halali," Fundi akasema. "Nimezichapa mimi."

Nyumbani mkewe alikuja juu. "Umeshindwaje kumkomoa yule?"

"Mama Watoto, saini ya Mkuu ningeikana. Lakini kazi ya mikono yangu?"

Mkewe akasonya, akaenda kuwasha jiko.