Fundi Aliyeomba Kiti cha Nyuma

Cheka kwanza, ukimaliza nisikilize. Wenzako kule Gitega walishacheka, nikawaambia njooni Kimisagara, gari liko uani kwangu, mliguse wenyewe. Hakuna aliyekuja. Mimi si mtu wa mapepo. Nauza spea za magari, chuma nakijua, na wallahi haya yalinikuta mchana kweupe.

Ni gari la marehemu baba, la Kifaransa, la zamani kuliko mimi. Mdogo wangu Zuhura alikuwa anaolewa, akayakataa kabisa magari ya kukodi. "Kaka, naingia harusini na gari ya baba, ama siendi." Sasa niambie, bibi harusi utambishia? Shida ilikuwa mikono ya chini, vile vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele. Kiwanda kiliitengeneza vizuri, lakini miaka na barabara zetu za mawe vilikuwa vimeichosha. Ukiitazama kwa chini iko wazi kama mfereji. Dawa yake ni kuiziba kwa kipande cha chuma bapa, unachomelea kidogo huku, kidogo kule, isije ikapinda kwa joto. Mkono ukikatika kwenye miteremko yetu hii, gurudumu linalala, na dada yako yumo ndani.

Wa kulia niliumaliza Ijumaa. Wa kushoto niliuachia Jumamosi, siku yenyewe ya harusi, nikitoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Nikarudi na jembe begani, nikaufungua mkono, nikawasha mashine ya kuchomelea, umeme ukakatika. Mtaa mzima! Nilitukana, sikufichi. Nikachomoa waya, nikautupa juu ya pipa.

Ndipo mtu akasukuma geti. Ovaroli ya bluu, matope miguuni kama yangu, na usoni amevaa kinyago cha kuchomelea, amekishusha kabisa. Nani anatembea barabarani hivyo? Lakini mtu aliyekwama haulizi maswali.

"Umeme haiko, mzee," nikamwambia.

"Nimeona. Wewe enda uoge, harusi haingoji."

"Na malipo?"

"Sitaki pesa. Niachie kiti moja ya nyuma, pembeni ya bibi harusi."

Nikacheka. Umuganda ukiisha kila mtu hutafuta lifti, nikajua naye ni hivyo. "Kiti ni yako, mzee," nikasema, kwa mdomo wangu huu.

Niko bafuni, ule mwanga mweupe wa kuchomelea ukaanza kupiga dirishani, mashine inanguruma. Alhamdulillahi, umeme umerudi! Nikatoka na taulo. Mke wangu alikuwa jikoni anapepea mkaa.

"Umerudi saa ngapi?" nikamuuliza.

"Umeme? Yewe, washa taa uone."

Nikabonyeza swichi. Hakuna kitu. Na huko nje mashine bado inanguruma.

Nilivaa suruali, nikatoka mbio. Nilipofika uani, kimya. Hakuna mtu, na geti limefungwa kwa ndani. Waya wa mashine ulikuwa palepale juu ya pipa. Nikainama chini ya gari. Mkono umeshazibwa na kurudishwa mahali pake, mshono laini ambao mimi siuwezi, na chuma kingali cha moto. Tazama kidole hiki, kovu si hilo?

Zuhura akatoka amevaa shela. "Twende, kaka."

"Huingii humu."

Alilia mpaka wanja ukamchuruzika, akaniita mchawi mbele ya mashangazi zetu. Sikujali. Nikampandisha kwenye gari la jirani, nami nikafuata na la baba peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimetoa ahadi na niliogopa kumdhulumu yule, hata awe nani.

Kabla sijatoka getini, nyuma kukashuka. Niamini. Springi zililia, gari likainama upande mmoja, kama linavyoinama mtu mzima akikaa. Sikugeuka, hata kioo sikukitazama. Nilisoma kila sura ya Kurani niliyoijua mpaka ukumbini, na pale mlangoni gari likanyanyuka tena.

Mikono ile mpaka leo haina hata ufa. Zuhura ndiye aliyevunjika moyo. Alikaa muda mrefu hakanyagi kwangu, mpaka juzi nikamfuata nikamweleza yote. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: "Uso wake uliuona?"

"Hapana."

Machozi yakamtoka. "Baba aliniambia siku yangu atakaa pembeni yangu, kaka. Kwenye gari hii."

Kwa hiyo wewe, mtu akija kukusaidia na uso kaufunika, mwambie avue kwanza, hata kama umekwama namna gani. Mimi sikumwambia. Sasa silali vizuri, maana sijui kama nilimwokoa dada yangu au nilimwacha baba yetu aende harusini akiwa amekaa peke yake.